Bwana Harusi Anayeoga Kila Siku

Niseme ukweli kwanza: mpaka Jumamosi iliyopita nilikuwa sijawahi kunyoosha mkono darasani. Hata nikilijua jibu. Hasa nikilijua jibu. Nilikuwa naliandika kwa penseli pembeni mwa daftari, mwalimu akilitaja nalizungushia duara, nafurahi peke yangu kama mtu aliyefunga bao uwanja ukiwa mtupu. Sasa nimekaa na shajara yangu, mkono unakimbia kuliko akili, kwa sababu mtu huyo huyo Jumamosi alisimama mbele ya wazazi wa shule nzima akaposa kompyuta kumi kwa niaba ya mfumo wa kompyuta. Yewe! Hata kuliandika nacheka.

Ngoja nianzie mwanzo.

Shule yetu ina chumba kimoja cha kompyuta, na ndani yake mashine kumi na moja. Kumi ziko sawa. Ya kumi na moja iko dirishani, kifuniko chake hakifungi, na ukiiwasha inakohoa kwanza ndipo ianze kazi. Ufunguo wa chumba hukaa na mwanafunzi mmoja wa klabu ya kompyuta kwa mwaka mzima. Anafungua asubuhi kabla ya kengele, anafunga jioni, na hapo katikati yeye ni mfalme. Aliyekuwa nao amemaliza kidato cha sita. Mwaka huu sikutaka kitu kingine chochote kama nilivyoutaka ufunguo ule. Fikiria: saa moja asubuhi, chumba kitupu, mashine kumi na moja na mimi, na hakuna mtu wa kuniambia ongeza sauti.

Nilikuwa na mpinzani mmoja tu, naye ni rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Ni Mtanzania, baba yake anafanya kazi ofisini mjini, wanakaa Muhima. Mdomo wake hauna breki. Mwaka mzima tumekuwa tukibishana juu ya jambo moja, mimi kwa kunong'ona, yeye kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Jambo lenyewe ni hili. Sote wawili tunatumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kila mtu kwenye laptopu yake kuukuu, ila aina tofauti. Wangu ni mfumo unaosasishwa mfululizo: watengenezaji wakimaliza kitu kipya leo, kesho kiko kwangu. Hauna toleo la mwaka huu wala la mwaka jana, unatiririka tu kama bomba lililoachwa wazi. Wake ni wa matoleo maalumu: wanakusanya vitu vyote, wanavigandisha, wanavijaribu mpaka wachoke, halafu wanakupa kwa mkupuo mmoja kila baada ya miaka miwili. Katikati hapo unapata viraka vya usalama tu, basi.

"Wewe unaishi kwenye nyumba ambayo mafundi hawaondoki," huniambia.

"Na wewe unakula chakula cha juzi," namjibu, polepole, ili mwalimu asisikie.

Basi mwalimu wa klabu, Mkenya mmoja mpole anayevaa sweta hata jua likiwaka, akatutangazia kwamba mashine kumi zitafutwa na kuwekwa mfumo mmoja. Upi? Mimi na rafiki yangu tushindane siku ya wazazi, yeye ataamua, na atakayeshinda ndiye atakayekaa na ufunguo, kwa sababu ndiye atakayeujua mfumo. Tushindane kwa Kiswahili, maana wazazi wengi wa shule yetu walikulia Tanzania au Uganda kabla ya kurudi nchini kwetu, nao wanakipenda.

"Lakini msinisomee makaratasi," alisema. "Wazazi watalala."

"Tufanye gusaba, mwalimu!" rafiki yangu akadakia. Darasa zima likapiga makofi, mimi nikatamani kuingia chini ya meza.

Gusaba ni siku ya posa katika harusi zetu. Ukoo wa bwana harusi unakuja, ukoo wa bibi harusi unaupokea, wanakaa wakitazamana, na kila upande una mshenga wake, mtu wa maneno. Wa upande wa binti kazi yake ni kuwachezea wageni: anasema hawajui, anamtafutia kijana wao kasoro, anasema binti amesafiri, anawapa binti mwingine wasiyemtaka. Wa upande wa kijana lazima avumilie, ajibu kwa heshima na kwa tabasamu. Katika harusi ya kweli kila mtu anajua binti atatolewa tu, hata viti vimeshakodiwa. Kwetu sisi hakuna aliyejua.

Rafiki yangu akawa mshenga wa kompyuta, kwa kuwa mfumo wa aina yake ndio uliokuwamo tayari. Mimi nikawa mshenga wa mfumo wangu, mgeni aliyekuja kuomba. Yaani mimi ndiye wa kuanza kuongea.

Wiki nzima mama alinifanyisha mazoezi jikoni kwetu Niboye, akichagua maharage. Mama amekulia Tabora, Kiswahili chake kina mapozi.

"Umekuja kufanya nini nyumbani kwangu?" ananiuliza kwa sauti nzito ya kizee.

"Nimekuja kuomba binti."

"Sisikii."

"Nimekuja kuomba binti."

"Mwanangu, mshenga hanong'oni. Akinong'ona wanadhani amekuja kuiba."

Ijumaa tulijaribu projekta, laptopu yangu ikafanya kazi vizuri kabisa. Mwalimu akaniambia, "Sasa usiiguse mpaka kesho. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikaigusa.

Naandika sababu, ingawa ni ya aibu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya Umuganda, mtaa wote unatoka kufanya usafi. Nina desturi yangu: mama akitoka na jembe, mimi nafagia uani, kisha nasasisha laptopu. Kila Umuganda, bila kukosa. Yeye anasafisha mtaro, mimi nasafisha mashine. Nilisimama uani na fagio nikajiambia, hivi kweli, unampeleka bwana harusi ukweni, sifa yake kubwa ni usafi, na siku yenyewe usimwogeshe? Nikabonyeza. Orodha ya vitu vipya ikateremka kama mvua. Ikaisha. Hotuba yangu ilikuwa humo humo ndani, nikaifungua, iko salama. Nikafunika laptopu bila kuizima, nikavaa koti la baba ambalo mikono yake hunifika vidoleni, nikaenda shule mchana na mama.

Ukumbi ulijaa. Rafiki yangu alikuwa tayari amekaa upande wa pili, kofia ya babu yake kichwani, fimbo mkononi, nyuma yake zile kompyuta kumi zimepangwa na kufunikwa vitenge kama mabinti. Watu walikuwa wanacheka hata kabla hajafungua mdomo.

"Karibuni, wageni," alianza. "Mmepotea? Kama mnatafuta basi la kwenda Remera, kituo kiko kule chini."

"Tumekuja..." nilisema.

"Sauti!" akaita mzazi mmoja nyuma.

"Tumekuja kwa heri..." Nikaona nikimbilie kwenye hotuba yangu. Nikachomeka waya wa projekta, nikageuka kutazama ukutani.

Ukuta ulikuwa mweupe.

Nikachomoa, nikachomeka. Mweupe. Na nilijua kwa nini, pale pale nilijua. Asubuhi nilikuwa nimeweka kiini kipya cha mfumo, lakini mpaka uizime na kuiwasha, mashine inaendelea kutumia kiini cha zamani, na programu za kile cha zamani za kupokea vifaa zilikuwa zimeshaondolewa. Kitu kilichochomekwa tangu mwanzo kinaendelea tu. Ukichomeka kipya, hakuna wa kukipokea. Kwa hiyo dawa ilikuwa ndogo, kuizima na kuiwasha. Ila laptopu yangu inachukua dakika nzima na ushee kuamka, na hotuba yangu ilikuwa ndani yake. Nikamwangalia mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia dari.

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Rafiki yangu akasimama, akaegemea fimbo. "Jamani! Bwana harusi amezimia mlangoni!"

Ukumbi ukapasuka. Na mimi, sijui ilitoka wapi, nikasikia sauti yangu ikisema, "Hajazimia, mzee. Anabadilisha shati."

Wakacheka. Maneno yangu! Wakacheka kwa kunipenda, si kunizomea! Kitu fulani kifuani kikafunguka kama soda iliyotikiswa.

"Anabadilisha shati mara ngapi huyu?" akauliza.

"Kila likipatikana safi."

"Sisi tunasikia kila asubuhi anaamka na sura mpya. Binti yetu ataamka amuulize, samahani kaka, wewe ni nani?"

"Afadhali sura mpya, mzee. Huyo mnayemng'ang'ania nyie anaoga mara moja kila miaka miwili!"

Mama alipiga kigelegele. Mama yangu!

"Uongo!" rafiki yangu akasema huku kofia ikimwangukia puani. "Kila wiki ananawa uso!"

"Ndiyo, viraka vya usalama. Uso tu. Shingo je?"

Mzazi mmoja alikuwa anajifuta machozi. Nikawageukia wote, mikono ya koti ikipepea, nikasema, "Wazee wangu, leo asubuhi mmetoka wapi? Si kwenye Umuganda? Mbona hatusubiri miaka miwili majani yatufike magotini, tuyafyeke siku moja? Tunafyeka kila mwezi, kidogo kidogo. Na kijana wetu ndivyo alivyo."

Makofi. Nilidhani nimemaliza. Nikauona ufunguo ukining'inia shingoni mwangu, naapa, nikausikia ukilia kwenye vifungo vya koti.

Rafiki yangu akasubiri makofi yaishe. Akavua kofia. Hapo nilijua anauliza kweli.

"Nina swali moja, mgeni wetu. Siku ya mtihani, wanafunzi wamekaa, saa imeanza kuhesabu. Kijana wenu akiamua kubadilisha shati?"

Ningeweza kuchekesha tena. Maneno yalikuwepo, mdomo ulikuwa umeshapata moto. Lakini kioo kilikuwa bado cheusi mbele ya watu wote, na mimi nilijua kwa nini.

"Inaweza kutokea," nilisema. "Leo imetokea. Mwalimu alinikataza jana nisiiguse, nikamsasisha asubuhi ya posa yake, halafu sikumwasha upya. Kosa ni la mshenga. Lakini mtu mwingine atakayekaa na mashine hizi atafanya kosa hilo hilo."

Kisha laptopu ikaamka, ukuta ukajaa picha, ukumbi mzima ukashangilia kama goli. Nikabonyeza ule wimbo wa harusi niliokuwa nimeuandaa. Picha ikacheza. Sauti, hakuna.

"Mungu wangu," rafiki yangu akasema polepole. "Kumbe na bubu."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mshenga mzima, sakafuni, na koti la baba.

Mwalimu aliamua pale pale. Mashine kumi zitabaki na mfumo wa matoleo maalumu, kwa sababu zinatumiwa na watu mia wasiojali kilicho ndani, wanataka tu leo iwe kama jana. Nilijua yuko sahihi, nilikuwa nimemsaidia mwenyewe kulisema. Ufunguo akamkabidhi rafiki yangu, naye akauvaa shingoni. Hapo kicheko kilinikauka kidogo, siwezi kudanganya shajara. Nikaanza kukunja waya.

"Wageni, mnakwenda wapi?" rafiki yangu akaita. Alikuwa amerudisha kofia kichwani. "Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mabinti hawa kumi wana wenyewe. Lakini tunaye mwingine ndani. Hatumtoi hadharani kwa sababu anakohoa."

Nikamwangalia mwalimu. Sweta lilikuwa linatikisika kwa kicheko. Akaitikia kwa kichwa.

Katika gusaba binti huyo wa mzaha hukataliwa siku zote, ndiyo kanuni. Mimi nikapiga magoti.

"Tunamchukua," nikasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Na kikohozi chake."

Leo ni Jumatatu. Saa moja kasoro nilikuwa nimesimama mbele ya chumba cha kompyuta, mlango umefungwa, mimi nje kama mkwe. Rafiki yangu akatokea kwenye kona anahema, basi la kutoka Muhima lilichelewa, ufunguo unamrukaruka kifuani.

"Mshenga!" akapiga kelele. "Umelala hapa?"

"Fungua, mzee, mke wangu ananisubiri!" nikamjibu, na korido nzima ikageuka.

Akafungua. Nikaenda moja kwa moja dirishani, nikamwekea mfumo wangu, nikamsasisha. Halafu, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, nikamzima na kumwasha. Akakohoa mara mbili, akaamka.