Alama Nyuma ya Risasi ya Koplo Were

"Huyu wa kijijini Otonglo? Atajilipua wiki ya kwanza." Ndivyo walivyosema wenzangu nilipochaguliwa kusomea silaha. Sikujilipua. Nilikwenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya ufundi wa silaha, na siku niliyoripoti kwenye ghala la kambi yetu kando ya ziwa, hakuna aliyenishinda kuzijua risasi za bastola. Hata Meja, mkuu wa ghala.

Yeye aliziabudu rivolva za zamani, bastola za silinda inayozunguka. "Risasi nene humwangusha mtu, bwana. Hizi za milimita tisa ni njugu."

"Afande, risasi ya bastola haimsukumi mtu akaanguka. Ataanguka kulingana na mahali ilipompata."

Nikamweleza: zile za rivolva zilikuwa nene, nzito, za mwendo wa pole. Majeshi mengi yalihamia milimita tisa kwa kuwa ni nyepesi, ina kasi, na bastola moja hubeba nyingi. Kichwa chake huvikwa shaba kisipanuke mwilini, maana sheria za vita zinakataza.

"Diploma hiyo!" akacheka.

Lakini risasi isiyowaka haina unene wala kasi. Unyevu wa ziwa ulififisha maganda ya risasi, na kabla ya kila ukaguzi Meja aliamuru yasuguliwe kwa mafuta ya bunduki. Nilipinga mbele ya watu. Nyuma ya ganda kuna fataki, kikombe kidogo kinachowasha baruti kikigongwa. Mafuta hupenya pembeni yake na kuiua.

"Mkaguzi hatazami fataki," alisema. "Anatazama mng'ao."

Usiku mmoja majambazi walimuua Koplo Were akilinda lango la kambi, bastola yake mkononi. Meja aliandika: aliganda kwa hofu, hakufyatua. Bastola niliifungua mimi. Risasi iliyokuwa mtutuni ilinuka mafuta, na katikati ya fataki palikuwa na kishimo kilichochimbwa na pini. Nikaipiga picha, kisha nikampelekea Meja risasi yenyewe.

"Rudisha ghalani, Sajini. Na ufunge mdomo."

Nikaufunga, kwa kuogopa kupoteza pensheni. Katika kazi yangu yote, hilo tu sijivunii. Meja namkasirikia hadi leo, na nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Siku niliyostaafu sikupitia nyumbani. Nilikwenda Luanda Kotieno kwa mama yake Were, ambaye ufuoni walimwita mama wa mwoga. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Hapa pamefanya nini, Baba?"

"Pini ya bastola iligonga hapo, Mama. Haigongi mpaka kidole kivute."

Aliichukua simu mkononi mwangu. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena.

"Njooni hapa, nyote! Mje mwone. Were alivuta."