Harufu Tuliyokwenda Nayo Msibani

Mkasa huu nimeuficha muda mrefu, na hata leo nikiusimulia nainamisha uso, kwa sababu aliyeaibika zaidi siku ile si mimi niliyekosea, ni mama mkwe wangu.

Gari langu nilikuwa nalilazaga kwenye kibanda nyuma ya nyumba, pale Bweri, Musoma, ubavuni mwa magunia ya mahindi (ndiyo, najua, gari na chakula cha panya chumba kimoja, halafu nikawa nashangaa). Mara ya kwanza walikata waya za taa, mara ya pili wakajenga kiota juu ya betri, na fundi akaniambia, "Kaka, hamisha hayo mahindi, ziba matundu kwa wavu wa chuma, na ukiegesha acha boneti wazi, panya hapendi mwanga." Kazi yote hiyo ya nini, nikajiambia, nikanunua sumu, nikaichanganya na dagaa, nikaipanga chini ya boneti, nikajiona mjanja kuliko fundi.

Siku ya nne tukapigiwa simu kutoka Butiama, kaka yake mama mkwe amefariki. Mama alikuwa kwetu anauguza kidonda cha mguu, kisukari, basi akakaa kiti cha nyuma na shangazi wa mke wangu, mke wangu Wegesa akakaa mbele, tukaondoka. Hatujafika Makutano, jua limeshakuwa kali, nikawasha feni ituingizie hewa, ikatuingizia harufu ya kitu kilichooza. Shangazi akaziba pua kwa khanga, akauliza, "Humu ndani kuna nini?"

Mimi nilijua. Nilijua palepale, ila nikaona haya kuwaambia wakwe kwamba nimewapakia na mzoga, nikazima feni, nikateremsha vioo. Ndipo mama akasema polepole, huku anaukaza mguu wake kwa khanga, "Nisameheni wanangu. Ni hiki kidonda."

Shangazi akasogea mlangoni. Wegesa akasema, "Pole mama." Mimi nikakanyaga mafuta.

Msibani mama alikataa kuingia walikokaa wanawake, akaenda kukaa peke yake karibu na zizi, na watu walipopanga foleni kumuaga marehemu, kaka yake wa tumbo moja, mama aliitwa mara mbili akatikisa kichwa. "Niende nikawanukie watu?" alimwambia Wegesa. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nikasikia, nikajifanya napokea simu (simu yenyewe haikuwa na chaji).

Baada ya mazishi gari likagoma kuwaka. Mjomba mmoja wa pale, dereva wa lori, akafungua boneti, akaingiza mkono kwenye feni, akamvuta panya kwa mkia, amevimba, na dagaa wangu wakadondoka mbele ya waombolezaji. "Mkwe katuletea kitoweo!" mtu akasema, na watu wakacheka, msibani, hadi wazee wakacheka. Nikatamani hata kujifungia humo humo kwenye boneti. Wegesa hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unajua?" Nikainama kuokota dagaa, naye akaelewa.

Nikaenda zizini, nikachuchumaa mbali kidogo kama mkwe anavyotakiwa. "Mama, harufu ile siyo ya kidonda. Ni panya, nilimtegea sumu mwenyewe."

"Siyo mguu wangu?"

"Siyo, mama."

Aliuangalia ule mguu muda mrefu, akailegeza khanga aliyoufungia toka asubuhi. Kisha akasema, "Basi nipelekeni nilione kaburi." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kurudi Musoma alipanda gari la watu wengine, na tangu siku hiyo hajapanda langu, hata nikitaka kumpeleka kliniki anaomba aitiwe bodaboda, na mguu ule ule.

Sumu nimeapa sitaishika tena, na yule fundi nilimrudia mwenyewe nikamwomba azibe kila tundu. Lakini hilo ni la panya. Langu mimi ni kwamba maneno matatu tu njiani, "jamani, ni panya," yangeniaibisha mpaka Butiama, basi, na mama angemuona kaka yake.