Mpira Uliokwenda Kushoto

Kama si kijipira cheupe cha gofu, mama mzazi wa fundi wa vigae angekuwa chini ya ardhi leo hii, na si kwa kuzikwa. Anayesikia hivyo kwanza huguna, hasa kama anamjua fundi mwenyewe, maana gofu yake ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima.

Ugonjwa huo aliuokota kazini. Alipewa kazi ya kuweka vigae kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya klabu ya gofu, na siku ya kumaliza, katibu wa klabu akamwambia ajaribu kupiga mpira mmoja. Ukapaa, ukaenda mbali, ukatua pazuri. Fundi akanasa. Katibu akamzawadia fimbo tatu kuukuu na ruhusa ya kucheza katikati ya wiki, uwanja ukiwa mtupu. Tabu ni kwamba katikati ya wiki ndipo fundi anapokuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu. Kwa mwaka alicheza mara mbili, akijitahidi sana mara tatu.

Pamoja na hayo, kila mwaka ukianza alijitangazia lengo la kumaliza mashimo kumi na manane kwa mapigo tisini. Mwaka uliopita alipiga mia moja thelathini na moja, bila kuhesabu mipira iliyoishia bwawani. Ndipo mkewe, muuguzi asiyejua kumung'unya maneno, alipomkalisha kitako.

"Baba watoto," alisema, "mtu anayeoga mara mbili kwa mwaka hajiwekei lengo la kunukia. Anza na kunawa uso."

Fundi alinuna siku mbili, ya tatu akakubali. Akachagua jambo moja dogo: mpira ukishafika kwenye zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, uingie kwa mapigo mawili, basi. Hilo halikuhitaji uwanja. Lilihitaji korido ya nyumbani, gilasi iliyolazwa ubavu, na robo saa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Korido yenyewe ilikuwa ya saruji tupu, kwani aliyezivalisha nyumba za watu hakuwa amepata nafasi ya kuivalisha yake. Mganga hajigangi. Lakini ilinyooka! Aliimwaga mwenyewe miaka tisa nyuma, akaipima kwa pima maji mwanzo hadi mwisho, na kila mgeni alisimuliwa habari hiyo kabla hajakaa. Gilasi aliilaza kule mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Kushoto mwake palikuwa na chumba cha mama yake.

Mpira ukakataa katakata. Ulitoka vizuri, ukikaribia gilasi unakata kushoto na kugonga mlango wa mama.

"Karibu ndani," mama alijibu kutoka kitandani. "Ila aliyekutuma abaki huko huko."

Fundi akaulaumu mkono wake. Akajifunza kulenga kulia mwa gilasi, upana wa kidole kimoja, na mipira ikaanza kuingia. Baada ya miezi miwili ikagoma tena, akaongeza kidole cha pili. Mwezi wa tano vikawa vidole vitatu, mwezi wa tisa kiganja kizima. Yote aliyaandika kwenye daftari, na chini yake akaandika kwa fahari: "Mkono unazidi kupinda, lakini nimeupatia dawa." Ilikuwa mipira tisa kwa kumi sasa. Hata muuguzi alikiri kwamba uso umenawika.

Mwezi wa kumi mteja mmoja aliahirisha kazi, na fundi akapata asubuhi nzima ya bure. Akaenda uwanjani anajiona bingwa. Shimo la kwanza, mpira ulipita kulia, upana wa kiganja. La pili, vivyo hivyo. La tatu, mwalimu wa gofu aliyekuwa amesimama karibu na kikombe chake cha chai alishindwa kuvumilia.

"Bwana, nani kakufundisha kulenga pembeni?"

"Mkono wangu unapinda kushoto, mwalimu. Naurekebisha."

"Hebu lenga shimo lenyewe, kama mtoto mdogo."

Fundi akalenga shimo. Mpira ukaingia. Akarudia mara nne, na mara zote nne ukaingia.

"Mkono wako hauna neno," mwalimu alisema. "Wanaokuja hapa kila siku wangeutamani."

Sifa hiyo fundi aliingoja miaka, na ilipokuja hakuifurahia hata kidogo. Kama mkono umenyooka, basi ni nini kilichopinda? Tena kilichozidi kupinda, kidole kwa kidole, mwezi kwa mwezi? Aliziacha fimbo palepale kwenye nyasi, akakimbia kuelekea nyumbani, mtu mzima na kitambi chake.

Alitoa pima maji mkobani, akailaza kwenye korido. Kipovu kikakimbilia kulia, ishara kwamba kushoto kumezama, kikaganda huko. Akadhani kifaa kimeharibika, akakigeuza upande wa pili. Kipovu kikarudi kulia kulekule. Akafungua mlango wa mama, akapiga magoti na kuanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo, jinsi anavyogonga vigae kusikiliza kama vimeshika. Mlangoni ililia saruji. Kando ya kitanda ililia utupu, kama mtungi.

"Mama, usishuke! Usiteremshe mguu!"

"Kuna nini? Umekunywa asubuhi yote hii?"

Fundi aliitupa nyundo kando. Alimbeba mikononi kama mtoto, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti mbali na ukuta. Aliporudi mlangoni kutazama, akaona alichokuwa hajawahi kukiona. Miguu ya kitanda ya upande wa ukutani ilikuwa imewekewa vipande vya vigae, vinne vinne, kimoja juu ya kingine. Alivitambua. Vilikuwa masalio ya kazi zake za mwaka huo.

Mchana waashi wawili walivunja sakafu kwa sururu. Chini ya saruji hapakuwa na udongo. Bomba lililopasuka lilikuwa limeukomba wote, na ubao wa mita mbili waliouteremsha ulizama mpaka juu bila kugusa chini. Waashi walitazamana. Muuguzi, aliyeona mengi wodini, aliketi chini bila kuchagua mahali.

Fundi akamwendea mama yake kitini.

"Mama, vigae vile nani aliviweka?"

"Mimi. Kitanda kilikuwa kinaniteleza kwenda ukutani. Kila kikizidi, naongeza kimoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema ni kizunguzungu cha umri, ukaniletea vidonge."

Akakumbuka. Alikuwa ameinamia mpira, na hakuinua hata kichwa.

"Ungerudia, mama. Ungenipigia kelele!"

Mama alimpangusa vumbi la saruji begani, taratibu, kama anayemwandaa kwenda shule.

"Nilikuona huna nafasi, mwanangu," alisema. "Nikaona nisikusumbue."