Mzee wa Kanisa na Kibali cha Shoo

Umewahi kulaani wimbo unaoujua mwanzo hadi mwisho? Juzi, nikiwa kwenye ofisi moja ya kata huku Ngara, vijana wawili wa hip-hop walikuja kuomba kibali cha shoo yao ya kwanza, Jumamosi. Mzee wa kanisa alikuwa amewatangulia kuipinga. Wakamwamkia, akaitikia bila kuwatazama.

“Ni uhuni mtupu,” akasema.

“Hebu ghanini kidogo,” mtendaji wa kata akawaambia.

Wakaghani sifa za ng’ombe kwa Kihangaza, wakipokezana mbio mbio. Mhuni pekee niliyemsikia ni fahali aliyeruka uzio. Katikati, mmoja akasahau mstari. Mzee akaumalizia, kidole kikigonga fimbo.

Mtendaji akashusha muhuri kwenye kibali. “Mzee wetu, maneno haya umeyajulia wapi?”

Mzee akavua kofia. “Niliwafundisha mimi, machungani. Sikujua watayapeleka kwenye spika.”