Andazi la Mwalimu Stanislasi

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa sababu ya mkono wangu huu wa kulia. Ukiniona kanisani watu wakipiga makofi nami nimeukunja chini ya kitenge, usidhani ni maringo. Nauzuia.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa msichana wa mtaa wa Kagarama, nyumbani tukisema lugha yetu, Kiswahili changu cha kuokoteza sokoni. Mzee Hamadi, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa na duka la vitenge na sukari kule Kabuga, nje kidogo ya mji, alikuwa anatafuta muuzaji wa kuzungumza na madereva wa malori ya Tanzania. Baba akaniambia wazi: ukipata kazi hiyo utabaki mjini, ukiikosa utarudi kijijini kwa shangazi kulima mtama. Na shangazi yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimwamsha jogoo.

Basi nikakimbilia kwa Mwalimu Stanislasi. Alikuwa amesomea ualimu Bujumbura na kurudi na nadharia moja tu, nadharia ya utabia, akaishika kama rozari. Alituambia kwamba lugha ni mazoea. Mtoto, mbwa au msichana wa Kagarama, wote hujifunza namna moja: ukipatia unatuzwa, ukikosea hupati kitu, mwisho jibu linatoka lenyewe bila kusumbua kichwa. Jioni tulikuwa tukikusanyika kwenye chumba chake mtaa wa Gisimenti, nyuma ya wachoma nyama, yeye na beseni lake la mandazi yaliyokatwa vipande. Anapiga kofi moja, pa! Anasema, "Nimetoka sokoni." Sisi kwa pamoja, "Hongera sana!" Mikono mbele, kila mtu kipande chake. Pa! Nimetoka shambani. Hongera sana! Nimetoka harusini. Hongera sana! Tukikosea, anageukia ukutani na kula vile vipande mwenyewe. Mwezi wa kwanza alinenepa yeye, wa pili tukanenepa sisi. Akafurahi, akasema nadharia imethibitika.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mimi niliona mazoea yana mandazi.

Siku ya kwenda Kabuga nilivaa viatu vya dada yangu, nikajiona Mswahili kamili. Nilimkuta Mzee Hamadi ameketi kwenye gunia la sukari, kofia yake imeteremka hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo vizuri, akaniitikia. Halafu akapiga kofi moja, vile wazee wanavyofanya wakizidiwa na huzuni, akasema, "Umenikuta vibaya, binti yangu. Nimetoka mazikoni. Tumemzika mama mkwe."

Nikasema, "Hongera sana!"

Na mkono ukatoka, mwanangu. Sikuutuma. Ukasimama pale mbele ya pua ya mzee, kiganja juu, unangoja. Mzee akauangalia mkono, akaniangalia mimi, akauliza ule mkono unataka nini. Nami kwa vile sikulelewa kusema uongo, nikamjibu: andazi.

Wapagazi wawili wakajificha nyuma ya magunia, nikayaona magunia yanatikisika. Mzee mwenyewe mabega yalianza kumcheza, akaziba mdomo kwa kofia, maana pazia la nyuma lilikuwa limefunguka. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa amesimama pale, macho mekundu. Mama aliyezikwa alikuwa wake.

"Binti," akasema taratibu, "kujibu umefundishwa. Kusikia, alikufundisha nani?"

Aibu ilinipanda, nikauona mtama wa shangazi shina kwa shina. Nikatafuta jibu katika yote niliyokaririshwa, sikupata. Basi nikaacha kutafuta, nikamtazama yule mama, nikamkumbuka mama yangu mwenyewe tulivyomzika, machozi yakanitoka. "Mama, pole," nikasema. "Mimi pia iko nazika mama. Mimi iko najua."

Kiswahili kibovu, hata mbuzi wa Zanzibar angekikataa. Lakini Mama Zuhura alikuja akaniketisha kando yake kwenye gunia, akanishika mkono ule ule uliokuwa ukiomba andazi, tukalia wote wawili. Kisha akamwambia mumewe, "Huyu aanze kesho. Hayo mengine madereva watamfundisha."

Walinifundisha, na mengine siwezi kukusimulia wewe.

Sikatai mazoezi, mwanangu. Yule mwalimu alinitoa woga, na bila yeye nisingefungua kinywa kabisa. Ila neno la mtu halina budi kupita masikioni mwako na moyoni kabla hujalijibu. Unapojifunza lugha ya watu, wajifunze na wao wenyewe. Usikimbilie jibu kwa sababu tu kofi limelia, hata kama una uhakika nalo, hata kama beseni limejaa.

Nenda sasa, ukasome. Mungu akupe ulimi mwepesi, na masikio ayatangulize mbele yake. Na mtu akikuambia ametoka mazikoni, mkono wako uufumbe.