Dagaa wa Kabuta Wasiotuliwa na Nzi

Nilikwenda Nchelenge, upande wa Zambia, kwa sababu ya karatasi. Nasema hivi mapema ili ninyi mnaonisoma huko Lubumbashi msinisifu bure, mkadhani nilivuka mpaka kwa upendo wa kumwona mama mdogo Feza. Miaka sita sikuwa nimemwona, na upendo haukuwahi kunitoa nyumbani. Kilichonitoa ni chuo.

Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mwenye miaka thelathini na saba, na bila diploma ya juu sipandi cheo. Basi nasoma jioni, katika chuo kilichoko ghorofani juu ya duka la matairi. Programu yetu inaitwa Mawasiliano. Ndani yake wametia saikolojia ya mageuzi ya binadamu, na juu yake wakatia kemia ya kaboni. Kwa nini, hakuna ajuaye. Nadhani walimu wa masomo hayo walikuwa wamekaa bila kazi, tukatupiwa sisi. Wa mawasiliano anatufundisha namna ya kusikilizwa, na darasani hakuna anayemsikiliza. Wa kemia anasoma daftari la manjano kwa saa mbili bila kuinua macho. Wa saikolojia, Bwana Mbuyu, ni msaidizi tu, lakini ukimwita Msaidizi hakuitikii. Huitikia Profesa.

Mwaka huu wakaamua kila mwanafunzi afanye kazi moja ya uwandani itakayotumika kwa masomo yote matatu. Mimi nikafungua mdomo wangu nikasema nina ndugu ukingoni mwa Ziwa Mweru. Bwana Mbuyu akaruka: ataandamana nami, kunisimamia.

Alhamisi alfajiri tulipanda lori la kwenda Kasenga, tukakaa mbele na dereva. Bwana Mbuyu alikuwa amevaa viatu vyeusi vyenye ncha, kama mtu anayekwenda kuoa. Hatujamaliza lami, akaanza kumfundisha dereva. Alisema mwanaume huendesha gari vizuri kwa sababu babu zetu walikuwa wawindaji, wakizoea kuangalia mbali, na mwanamke alibaki akichuma matunda ya karibu.

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Profesa," akasema, "kwetu mama njo alikuwaka chauffeur wa lori. Miye njo yeye alinifundisha."

"Hiyo ni tofauti moja. Haivunji kanuni," Bwana Mbuyu akajibu, akaendelea. Aliendelea mpaka Kasenga. Kanuni zake zilikuwa nyingi kuliko mashimo ya barabara.

Adhuhuri, mtoni Luapula, ofisa wa upande wa Zambia alitaka kujua tunakwenda kufanya nini. "Utafiti," akajibu Bwana Mbuyu. Ofisa akauliza kama ni wa samaki. "Wa binadamu," akajibiwa. Yule ofisa aliangalia vile viatu, akaniangalia mimi kwa huruma, akagonga mhuri.

Jioni tulifika Mwansabombwe, tukalala nyumba ya wageni, na Ijumaa mchana tukashuka Kabuta, kijiji cha Nchelenge kilicho ziwani. Hapo wavuvi wametandaza nyavu mpaka milangoni, na baiskeli zilizofungwa magunia nyuma zinapita bila kukoma kwenda nchi kavu. Mama mdogo Feza alitupokea akiwa na magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. Ni mdogo wake marehemu mama yangu. Vita vilimfukuza Kongo na watoto wanne. Alilima katika kambi ya wakimbizi miaka kadhaa, kisha akashuka ziwani kuanika na kuuza chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru. Shule aliishia darasa la nne.

"Kuya, mutoto yangu," akasema akinikumbatia. "Na huyu muzee wa viatu?"

"Ni Profesa."

"Eh. Karibu, Profesa. Ikala pa kiti."

Alitupikia ubwali, ugali wa huko, na samaki wabichi, akaniuliza habari za watu wote wa nyumbani kwa majina. Mimi nilijibu kwa kifupi. Nilikuwa nahesabu kurasa za dodoso kichwani.

Jumamosi asubuhi tulikwenda ufukweni kunakoanikwa dagaa. Wanawake kama kumi walikuwa wakitandaza chisense juu ya mikeka, wakifukuza nzi kwa matawi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na nzi walikuwa wengi hata wakiinuka walivuma kama kinu cha kusaga. Bwana Mbuyu akatoa dodoso. Swali la kwanza, aliloliandika mwenyewe, lilisema: mwanamke humchagua mwanaume kwa kuangalia mabega, mali au sura?

Wanawake wakaendelea kufukuza nzi. Kisha mwanamke mmoja Mzambia aitwaye Mama Chanda, anayejua Kiswahili cha biashara, akainua mkono kama yuko darasani.

"Andika: meno."

"Meno!" Bwana Mbuyu akafurahi. "Ishara ya afya ya mwili. Endelea, mama."

"Bwana wangu wa kwanza hakukuwa na meno. Alikuwa anakula polepole, polepole. Ubwali inapoa, ananipigia makelele. Wa pili, mi nikaangalia meno kwanza."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Bwana Mbuyu aliandika yote, neno kwa neno, akapiga mstari chini ya *meno*. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Nilijiona mwerevu sana asubuhi ile.

Mwishoni kabisa palikuwa na mikeka miwili ambayo nzi hawakutua juu yake. Dagaa wake waling'aa kama sindano mpya. Bwana Mbuyu akasimama mbele yake kama amefika Kanaani.

"Tazama," akaniambia. "Hapa pana usafi. Binadamu amerithi kinyaa kutoka kwa wahenga, na kinyaa hicho humlinda na sumu. Mwili wangu unajua kilicho salama hata kabla ya akili."

Akachota dagaa kwa kiganja, akawatafuna kama karanga. Akachota tena.

Mama mdogo Feza alikuwa majini akisuuza beseni. Alipotuona alikuja mbio. "Baba, acha hizo! Hazijakauka."

"Ni tamu sana, mama. Ni zako?"

Aliitikia kwa kichwa. Nikamwona anafungua mdomo aseme neno jingine, kisha anaufunga.

Yapata saa saba mchana tulikuwa tumekaa kivulini nyumbani. Bwana Mbuyu alikuwa akinisahihisha mpangilio wa sura ya pili ya ripoti yangu. Akaanza kutema mate. Kisha mate yakawa mengi, yakamtoka bila kutemwa, yakalowesha shati. Jasho likamshuka kama amemwagiwa maji. Akatapika juu ya vile viatu. Nilipomwinua kichwa niliona macho yake: mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Hapo daftari la manjano lilinirudia. Siku moja likisomwa nilichora pembeni mwa daftari langu mbuzi amevaa miwani, lakini chini ya mbuzi nilikuwa nimeandika alichosoma mwalimu: esta za asidi ya fosforasi, dawa za kuulia wadudu; mate, jasho, mboni kusinyaa, pumzi kukatika.

"Mama mudogo," nikasema, "mulitia nini kwa zile samaki?"

Aliingia ndani akatoka na chupa ya plastiki. Karatasi yake ilikuwa imebanduka nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa na lugha nisiyoijua na picha ya pamba.

"Ni dawa ya nzi. Mubaba mumoja aliiuzisha pa soko. Anasema unatia kifuniko kimoja mu beseni ya mayi, unanyunyiza, nzi yote inakimbia. Mvua ikinyesha, chisense inaoza mu siku mbili. Nilimwaga asubuhi. Leo mukono ulizidisha."

"Na nyinyi, munakulaka hizo?"

"Apana, zetu za kula ninaanikaka nyuma ya nyumba..."

Akajisikia mwenyewe, akatoka mbio kutafuta gari.

Tulipata gari la mchuuzi lililokuwa linakwenda Kashikishi. Njia nzima nilimshikilia Bwana Mbuyu alale ubavu asije akapaliwa na mate yake. Alikuwa anahema kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija. Nilimdharau mtu huyu mwaka mzima, na hapo nikamwomba Mungu asife mikononi mwangu. Mama mdogo alikaa mkabala nasi, chupa mapajani. Tulipokaribia kituo cha afya alinigusa goti.

"Ngoie, mutoto yangu. Wakijua ni zangu, hapa hawataniacha niuzishe tena. Mi ni mutu wa kambi."

Nilifikiria kusema kwamba samaki tuliwanunua barabarani.

Mganga, Ba Mwape, yaani Bwana Mwape, kijana mwenye sauti ya upole, alimlaza mgonjwa na kuuliza kwa Kibemba, "Alile finshi?" Amekula nini. Nikampa chupa, nikamweleza mboni na mate, nikataja hata yale majina ya daftari. Alinitazama kwa mshangao, akaenda haraka kutafuta sindano. Alipokwisha kuichoma, akageuka.

"Hawa samaki mmewapata wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kabisa na uongo wangu.

"Ni zangu," akasema mama mdogo Feza. "Ni miye nilitia. Na kuko magunia mbili ingine, zilishakauka, nazo nilizitia. Nilishauzisha leo asubuhi. Kwa Ba Chola, ule wa kinga."

Kinga ni baiskeli. Ba Mwape akampigia simu mwenzake wa afya ya mazingira, lakini huyo alikuwa mbali, angefika kesho yake. Mama mdogo hakungoja kesho. Tulimwacha Bwana Mbuyu na mganga, tukachukua baiskeli mbili za abiria, tukarudi kuelekea Kabuta na kushika njia ya kwenda nchi kavu, aliyopita Ba Chola.

Saa kumi na nusu tulimkuta Ba Chola mbele ya duka, anatia upepo gurudumu. Magunia yalikuwa bado yamefungwa. Nilishuka kwanza. Mimi si ndiye msomi wa mawasiliano? Nikafuata hatua zote: vuta usikivu, toa taarifa, taja madhara, himiza hatua. Nilisema vizuri, nadhani. Ba Chola aliendelea kusukuma pampu.

"Madamu," akasema nilipomaliza, "samaki ni muzuri. Haina nzi."

Mama mdogo akanisogeza pembeni.

"Chola, haina nzi juu ya sumu. Miye njo nilitia. Kuko mutu analala pa kliniki sasa hivi, anatoka mate kama mubwa. Bibi yako atapika hizi leo, batoto watakula. Nirudishie. Kuya kwangu, nitakupa zile za nyumba, zile sisi wenyewe tunakulaka. Zote."

Aliacha pampu. Akainama akafungua kamba.

Jumapili watu wa afya walikuja, wakachimba shimo mbali na maji na kuyafukia magunia yote mawili pamoja na dagaa wa ile mikeka. Mama mdogo alikatazwa kuanika kwa mwezi mmoja. Mama Chanda na wenzake walisimama wakitazama. Hawakumtukana, ila hakuna aliyemsalimia. Nilikumbuka kuwa esta za namna ile huvunjika kwenye maji ya majivu, nikamwambia, tukasugua mikeka kwa majivu na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Huo ndio utafiti wangu wote wa kemia. Baadaye wanawake wawili wengine walikuja, kila mmoja na mkeka wake umekunjwa, macho chini. Tuliisugua nayo. Hatukuuliza.

Jumatatu Bwana Mbuyu alikuwa anadai chai, na tukaanza kurudi. Nilimweleza habari yote, na jinsi mama mdogo alivyojitaja. Alisikiliza. Mpaka Kasenga hakutoa kanuni hata moja, nami nikadhani labda amejifunza. Tulipopanda lori akakohoa na kusema, "Nitaandika kwamba tumbo langu halikuzoea maji ya kule."

Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya darasa akasema watu wa ziwani wanathibitisha nadharia yake: mwanamke humchagua mwanaume kwa meno. Kuhusu ugonjwa wake alisema wale hawana utamaduni wa usafi. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba alikula sumu kwa hiari akiisifu, kwamba nzi walikuwa na akili kuliko yeye, na kwamba aliyemwokoa ni mama mmoja wa hao hao anaowatukana. Wengine walicheka, lakini mimi sikuwa nachekesha.

Mwalimu wa mawasiliano aliniita kwa mtihani wa mdomo. Akataka mfano wa ujumbe uliofanikiwa. Nikamsimulia barabara ya Kabuta. Akauliza mtumaji wa ujumbe alikuwa na elimu gani. Nikasema darasa la nne. Akatikisa kichwa: mtumaji asiye na mamlaka hawezi kuwa mfano. Nilipata saba juu ya ishirini, na nane kwa saikolojia. Kemia nilipita.

Ninyi wa nyumbani mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba ningesema uongo. Nilikuwa nimekaa na maarifa yote ya chupa ile kichwani, na ulimi umeshatayarisha barabara ya kukimbilia, kama Bwana Mbuyu tu alivyotayarisha tumbo lake. Kwa hiyo dharau yangu sasa nimeigawa, na fungu langu si dogo.

Jumapili iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Mwezi wake wa marufuku ulikuwa umekwisha. Akauliza habari za mtihani.

"Nimeanguka," nikasema. "Nitarudia mwaka kesho."

Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu, na tawi likipiga mkeka, fya, fya.

"Ni vile," akasema. "Na miye niko narudia. Nzi iko mingi kabisa."