Nilikata Safu ya Makosa kwenye Ripoti

Nimekosa. Sitaki kuzunguka, maana nimeshazunguka miaka miwili, kila anayeniuliza namwambia ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Niliona kwa macho yangu haya mawili, nikafunika!

Mimi ni Mkongomani, natokea Bukavu, naishi Bertrams hapa Joburg. Wakati huo nilikuwa fundi wa programu kwenye kampuni ndogo, watu sita tu. Tulitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wenye maduka: ukivamiwa unabonyeza kitufe chekundu, walinzi wanaona ulipo, gari la doria linakuja.

Kabla hatujaitoa, kazi yangu ilikuwa kuipima kasi. Kuna chombo cha kupimia. Kinajifanya ni watu mia tano wanaobonyeza kwa wakati mmoja, halafu kinakupa jedwali: jibu la haraka kabisa, la polepole kabisa, na wastani. Safu ya mwisho inaonyesha maombi mangapi, yaani mibonyezo, yamefeli.

Nilianza na watu kumi. Wastani ukaja karibu sekunde moja. Nikapandisha hadi mia tano. Eish! Wastani ukashuka chini ya robo sekunde! Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikampigia bosi hapohapo: "Sharp, bosi, inapaa hii!"

Meza ya pili alikuwa anakaa dada mmoja Mtanzania, Rehema, mpimaji mwenzangu. Akaja kuangalia.

"Kaka, mbona watu wameongezeka na yenyewe ndiyo imezidi kasi? Inawezekana kweli?"

"Seva ni nzuri, basi."

"Na hii safu ya mwisho? Zaidi ya nusu yamefeli. Labda haijibu haraka, kaka. Labda inakataa haraka."

Mnaona? Alinipa ukweli wote mkononi! Seva, ile kompyuta inayopokea maombi yote, ikielemewa haifanyi kazi yoyote, inakurudishia tu ujumbe wa kukukataa, na kukataa hakuchukui muda. Chombo kilihesabu wale waliokataliwa pamoja na waliojibiwa, ndiyo maana wastani ukapendeza vile.

Lakini nilikuwa nimeshamwambia bosi. Ningerudi kwake na uso gani?

"Rehema, hii kompyuta ya kupimia ndiyo mbovu," nikamjibu. "Usiniharibie siku."

Halafu nikaikata ile safu. Nilikata safu ya makosa, nikabandika zilizobaki kwenye ripoti, nikatuma. Bosi aliisoma akiwa amesimama, akanipiga bega. Nilifurahi, Mungu anisamehe!

Jumamosi nikaenda Turffontein kwa Yaya Furaha. Yaya kwetu ni dada mkubwa; si ndugu wa damu, ila ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Nililala sebuleni kwake miezi saba. Ana saluni ya kusuka. Nikaichukua simu yake, nikamwekea ile programu mimi mwenyewe.

"Mdogo wangu, watakuja kweli?"

"Yaya, nimeipima mwenyewe."

Miezi minne haikuleta shida, kwa sababu watu walikuwa wanabonyeza mmoja mmoja. Kisha ikafika ile Jumatatu. Mchana, watu walianza kuvunja maduka ya wageni, mtaa mmoja hadi mwingine. Ofisini tulikuwa tumekodolea macho skrini. Tahadhari zikaingia chache, halafu kimya.

Nikasema, tena kwa sauti, "Afadhali, imetulia."

Imetulia wapi! Mamia ya watu walikuwa wanabonyeza, na seva inawakataa!

Saa tisa ikaingia simu ya mume wa Yaya Furaha. "Shemeji, njoo hospitali. Dada yako wamemvunja mkono."

Nilimkuta kwenye benchi, mkono wa kulia umefungwa, magoti yana vumbi. Alianza kusimulia kabla sijakaa.

"Nilibonyeza. Ikazungukazunguka, ikaniandikia nijaribu tena. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Majirani wote walikuwa wameshafunga, wamekimbia. Mimi nilikuwa na mteja, kichwa nimesuka nusu. Nikamwambia, tulia mama, gari liko njiani, hii kitu ameipima mdogo wangu."

Walipoingia alijaribu kuwazuia mlangoni. Wakamsukuma, akaangukia ule mkono.

Mkono wa kulia! Wa msusi!

Mfupa haukuunga vizuri. Leo akisuka kidogo tu vidole vinakufa ganzi. Saluni hakuifungua tena. Anaosha nywele kwenye saluni ya mtu mwingine, kule Kensington.

Ilinichukua wiki tatu kumwambia ukweli. Nilienda kwake, nikaeleza kila kitu, jedwali, safu, maneno ya Rehema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliona?"

"Niliona, Yaya."

"Na ukaniwekea kwenye simu yangu."

Hakunitukana. Bora angenitukana! Aliinuka akaenda jikoni, na hakutoka huko mpaka nilipoondoka. Siku hizi nikipiga anapokea, anasema yuko kazini, anakata.

Bosi naye alitaka niandike kwamba siku ile mtandao wa simu ulisumbua. Niligoma. Nikamwekea mezani jedwali lote, na ile safu yake. Akanifukuza. Msinipongeze tafadhali! Ujasiri unaokuja baada ya mtu kuvunjika mkono una faida gani? Rehema aliusema ukweli ule ule wakati bado unasaidia, na mimi nikamwambia aniache na siku yangu nzuri.

Kinachonitia wazimu ni kwamba chombo hakikunidanganya hata kidogo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale! Mimi ndiye niliyechagua cha kusoma.

Nyinyi mnaofanya kazi hii, nawasihi. Wastani ukiwafurahisha, msiamini furaha hiyo. Anzeni na safu ya makosa, ndipo mtazame kasi. Na kama namba ni mbaya, zisomeni kwa sauti mbele ya bosi, hata kama mlishampa habari njema, hata kama atafoka. Atafoka, atanyamaza, mtarekebisha, maisha yataendelea. Aibu ya siku moja ofisini mtaimaliza. Hii yangu sijui inaishia wapi.